Nuhu na Yusuf Katika Bwawa Moja



Mtu akiulizwa bwawa kubwa la mto hujengwa kwa ajili gani, aghalabu hujibu papo kwa papo: kuweka maji. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya habari. Bwawa hilohilo hutakiwa pia liwakinge watu na maji yanapokuja kwa wingi wa kuangamiza. Sasa zitazame kazi mbili hizi. Anayetaka akiba anataka bwawa lijae mpaka ukingoni. Anayetaka kuepukana na mafuriko anataka libaki na nafasi tupu ya kupokea gharika. Wote wawili wana haki, na chombo chao ni kimoja. Tena mwenye kushika milango ya bwawa hawezi kungoja mpaka ajue mvua ya mwaka huu itakuwaje, kwani akishajua, wakati wa kutenda umekwisha kumpita.

Mambo haya yangeweza kuelezwa kwa mito mingi, hata ya kwetu. Nimeuchagua mto Naili kwa sababu kimo cha maji yake kilipimwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka elfu na mia mbili, na waliokiandika kwa sehemu kubwa ya muda huo walikuwa Waislamu wa Misri. Historia yake inaonyesha wazi jinsi mwanadamu alivyotoka katika kupima maji tu, akafika kuyaweka kwa miezi, kisha kuyaweka kwa miaka.

Kwanza tuujue mto wenyewe. Misri haina mvua ya kutegemea. Maji yake yote hutoka mbali, na katika kila mafungu mia yanayofika Aswan, kiasi cha 85 hutoka milima ya Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo. Mvua za huko huanza mwezi wa Juni. Kisha maji hupanda Aswan, hufika kileleni baina ya mwisho wa Agosti na Septemba, kisha hushuka. Naili Nyeupe, inayoanzia Ziwa Victoria kwetu huku, huleta maji machache zaidi, maana mengi hukaukia katika vinamasi vya Sudani ya Kusini. Lakini huleta sawasawa mwaka mzima, na ndiyo iliyokuwa ikiunusuru mto usikonde kabisa katika miezi ya Mei na Juni.

Kwa maelfu ya miaka mkulima wa Misri hakulima kabla ya mafuriko, alilima baada yake. Mashamba yalizungushiwa matuta, maji yakaingizwa, yakatulia majuma kadhaa na kuacha tope lenye rutuba, kisha yakarudishwa mtoni na mbegu zikatiwa katika udongo mbichi. Ndugu zetu wa Rufiji wanalijua jambo hili vizuri, maana ndicho kilimo chao cha mlau. Basi mkulima wa namna hii haogopi mafuriko kwa jina lake tu. Anachokiogopa ni mawili: yasije, au yaje kupita kiasi.

Kiasi hicho kilikuwa kikijulikana kwa dhiraa. Katika mwaka 247 wa Hijra, uliolingana na 861 Miladi, Khalifa al-Mutawakkil wa Bani Abbas aliamrisha kijengwe kipimo katika kisiwa cha Roda, mahali ulipo mji wa Cairo sasa. Ni kisima kilichochimbwa kwenda chini, kikaunganishwa na mto kwa njia za maji, na katikati yake ikasimamishwa nguzo ya marumaru yenye alama. Kisima hicho, al-Miqyas, kipo mpaka leo. Maji yakifika dhiraa 16, ulitangazwa utimilifu wa Naili, mfereji wa mjini ukafunguliwa kwa sherehe, na serikali ikapata haki ya kutoza kodi ya ardhi kwa ukamilifu. Yasipofika, ardhi nyingi ilibaki kavu, na haikuwa insafu kumtoza mtu kodi ya shamba ambalo maji hayakulifikia. Yakizidi mno, yalivunja matuta na kuchukua vijiji.

Katika habari za kipimo hiki iko moja inayonipendeza sana. Wakati maji yanapanda, mpiga mbiu alikuwa akipita mitaani kila siku kutangaza yamepanda vidole vingapi. Al-Muizz, Khalifa wa Kifatimi, alipoingia Misri aliona kwamba siku ambazo maji yamechelewa, wafanya biashara hufungia nafaka ghalani na bei hupanda kabla njaa haijaja. Kwa hiyo katika mwaka 362 Hijria (973 Miladi) akakataza kutangaza kimo cha mto kabla hakijafika dhiraa 16. Wako watakaosema aliwaficha watu jambo linalowahusu, na wako watakaosema aliwakinga na walanguzi. Mimi naona palikuwa na kweli katika yote mawili. Tutarudi kwenye suala hili la nani aambiwe kimo cha maji, maana halijakwisha.

Lakini kupima si kuzuia. Miaka chini ya mia baada ya amri hiyo, katika utawala wa al-Mustansir, ikaja shida ambayo wanahistoria wa Misri wameipa jina lake: takriban miaka saba, kuanzia 457 Hijria (1065), ya maji mabaya ya mto, vita vya askari, njaa na maradhi. Khalifa mwenyewe akauza hazina za jumba lake. Katika mwaka 1200 maji hayakufika hata dhiraa 13, na tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwapo Cairo, akaandika aliyoyaona kwa macho yake, na humo mna mambo ya watu kula nyama za watu ambayo sitayaeleza zaidi ya hapa.

Je, hapakuwa na mtu aliyefikiri kuuzuia mto? Alikuwapo, tena si mtu mdogo. Wasifu wa Ibn al-Haytham, mwanachuoni mkubwa wa Basra, unasimulia kwamba alisema lau angekuwa Misri angeufanyia Naili kazi ya kuleta manufaa wakati maji yanapozidi na yanapopungua. Maneno hayo yakamfikia al-Hakim, mjukuu wa al-Muizz, akamwita na kumpa watu na mali. Ibn al-Haytham akasafiri mpaka karibu na Aswan, kwenye maporomoko. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale, yalivyopimwa na kuchongwa kwa ustadi, akatambua kwamba watu wenye ujuzi kama huo lau jambo hili lingewezekana wangelifanya wao. Akarudi akakiri hawezi. Kisha kwa kumwogopa al-Hakim akajifanya mwenda wazimu, akakaa kizuizini nyumbani mpaka mtawala huyo alipotoweka mwaka 1021. Kitabu chake cha elimu ya mwanga na macho, kilichosomwa Ulaya kwa karne nyingi, hunasibishwa na miaka iliyofuata. Wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi nakiona ni kisa cha mtu aliyepima kazi kabla ya kuwapotezea watu mali, na mahali alipopatazama hapakuwa mbali na yalipokuja kujengwa mabwawa yote mawili ya Aswan.

La kwanza lilijengwa na Waingereza, waliokuwa wakiitawala Misri, baina ya 1898 na 1902. Walihitaji pamba kwa viwanda vyao, na pamba hutaka maji wakati wa kiangazi, mto ulipokonda. Angalia jinsi bwawa hilo lilivyoendeshwa, kwani ndani yake mna hekima. Ukuta ulikuwa na milango 180. Mafuriko yalipokuja Julai na Agosti, milango yote ilifunguliwa na maji mekundu yenye matope yakaachwa yapite. Mtu angeweza kuuliza: mbona mnayaacha maji mengi yaende, nanyi mnalia maji? Jawabu ni kwamba maji ya wakati ule yalibeba tope jingi, na lau yangezuiwa yangetuama na kuliziba bwawa katika miaka michache. Basi walingoja mpaka mto usafike, karibu na mwezi wa Novemba, ndipo wakafunga milango na kukusanya maji masafi ya mwisho. Akiba hiyo ilitolewa kidogo kidogo kuanzia masika ya huko mpaka mafuriko mengine yalipokaribia, na bwawa likawa tupu tena kuyapokea. Mwanzoni liliweka kiasi cha mita za ujazo bilioni moja. Likainuliwa mara mbili, kazi ya mwisho ikaisha 1933, likaweza bilioni tano.

Hata hivyo akiba hiyo ilikuwa ya mwaka mmoja tu. Haikuweza kuuokoa mwaka mbaya kwa maji ya mwaka mzuri, wala haikuweza kuzuia mafuriko makubwa, kwani milango ilikuwa wazi wakati wa hatari. Kila mto ulipopanda sana, wanavijiji walitolewa mchana na usiku kulinda kingo kwa udongo na matete. Kwa wastani mto ulileta Aswan mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka; lakini katika mwaka wa 1878 zilipita kiasi cha bilioni 150, na katika 1913 hazikufika bilioni 50. Wastani, ndugu msomaji, haumshibishi mtu wala haumwokoi na maji.

Hapa ndipo anapoingia Harold Edwin Hurst, Mwingereza aliyefika Misri mwaka 1906 na kuufanyia mto huu kazi kwa zaidi ya nusu karne. Alitaka kujua bwawa liwe kubwa kiasi gani ili litosheleze kwa mia ya miaka. Akazichukua hesabu za kisima cha Roda, zile zilizoandikwa na makarani wa Bani Abbas, Mafatimi na Mamaluki, akazichambua. Akakuta jambo ambalo hesabu za kawaida hazikulitarajia: miaka mibaya haiji mmoja mmoja kwa kutawanyika kama kete zinaporushwa, hufuatana makundi makundi, na mizuri vilevile. Kwa hiyo bwawa la kukidhi haja lingepasa liwe kubwa zaidi kuliko walivyodhani.

Mwaka 1968 wataalamu wawili, Mandelbrot na Wallis, waliuendeleza uchambuzi huo, wakatafuta majina ya hali mbili za mto. Ile ya miaka mingi mfululizo ya neema au ya ukame wakaiita athari ya Yusuf. Ile ya maji ya ghafla yanayopita kila kiasi wakaiita athari ya Nuhu. Hawakuwa Waislamu, na majina waliyatoa katika vitabu vyao. Lakini msomaji wa Surat Yusuf anaijua ile miaka saba na saba, na anajua kwamba ushauri wa Nabii Yusuf, alayhis-salaam, ulikuwa wa kuweka akiba katika neema. Ila ipo tofauti moja. Nafaka ya Yusuf ikijaa ghala, ghala halimdhuru jirani. Maji yakijaa ghala lake na mengine yakaja juu yake, ghala lenyewe linaweza kuwa ndilo la kuwaangamiza watu. Kwa hiyo mwenye bwawa hulazimika kumwekea Yusuf na kumwachia Nuhu nafasi, kila mwaka.

Bwawa Kuu la Aswan, lililoanzwa Januari 1960 na kukamilika 1970, lilijengwa kwa hesabu hiyo. Ziwa lililo nyuma yake lina urefu wa kiasi cha kilomita 500, na sehemu yake ya kusini imo Sudani. Kimo chake husomwa kwa mita juu ya usawa wa bahari, na limegawiwa kama nyumba ya ghorofa. Chini ya mita 147 ni mahali pa matope. Maji ya hapo hayahesabiwi. Baina ya mita 147 na 175 ni akiba, kiasi cha bilioni 90. Baina ya 175 na 182 ni nafasi ya mafuriko, kiasi cha bilioni 40, nayo hutakiwa iwe tupu gharika inapoanza. Ndiyo maana mwaka wa maji wa Misri huanza tarehe 1 Agosti, na kanuni inasema siku hiyo maji yasiwe juu ya mita 175. Kama yamezidi, ni lazima yatolewe kabla, hata kama mashamba hayayahitaji.

Ifikirie hali ya mtu aliyekabidhiwa amri hiyo. Mwezi wa Juni, jua kali, wakulima wanataka maji, na yeye anayo mengi, lakini anaamrishwa ayamwage kwa kuchelea mvua ambayo bado haijanyesha Uhabeshi. Mvua ikija haba, watasema alizitupa mali za umma. Asipoyamwaga na mvua ikaja nyingi, hatakuwapo wa kumtetea. Kwa hiyo jambo hili halikuachwa kwenye rai ya mtu, likafungwa kwa tarehe na kwa mita.

Mtihani wa Yusuf ulikuja upesi. Kuanzia 1979 mafuriko yalikuwa haba karibu mwaka baada ya mwaka. Ni miaka ileile ya njaa kubwa ya Ethiopia, lakini Misri haikupata njaa. Ilikuwa inakula akiba. Ziwa likashuka mpaka Julai 1988 likasimama karibu na mita 150, mita tatu au nne tu juu ya mstari wa mwisho. Serikali ilikuwa imeshapunguza maji ya mashamba na kutayarisha mitambo mingine ya umeme. Kisha Agosti ya mwaka huo mvua ikashuka kwa nguvu Sudani na Uhabeshi. Ziwa likaanza kupanda. Mvua hiyohiyo iliizamisha Khartoum, na watu wengi sana wakabaki bila ya makazi. Waliokuwa chini ya bwawa walishukuru, na waliokuwa juu yake walikuwa wakitoa vyombo vyao majini.

Zamu ya Nuhu ikaja miaka ya 1990. Misri ilikuwa imeshachimba tangu 1978 mfereji wa kutoa ziada katika bonde la Toshka, magharibi ya ziwa, mdomo wake ukiwa katika mita 178. Kwa miaka 18 haukupitisha maji, na naamini wako waliosema fedha zimetupwa jangwani. Mwaka 1996 maji yaliingia kwa mara ya kwanza, na yaliyofuata yalikuwa mengi hata katikati ya Sahara yakatokea maziwa mapya. Mwaka 1999 ziwa la Aswan lilipita mita 181. Chini yake, Cairo haikuzama.

Gharama zake nazo ni haki kuzitaja. Wanubi kiasi cha laki moja, wa Misri na wa Sudani, walihamishwa kutoka nchi ya babu zao, na makaburi na mitende yao vikaachwa chini ya maji. Tope lililokuwa likirutubisha mashamba sasa hukaa ziwani, mkulima hununua mbolea, na ufuko wa Rashid unaliwa na bahari. Kiasi cha bilioni 10 hupotea kila mwaka kwa jua tu. Mkataba wa Misri na Sudani wa 1959 uliyagawa maji hayo bilioni 84 kwa kuitoa kwanza hasara hiyo, kisha bilioni 55.5 za Misri na 18.5 za Sudani. Ethiopia, ambako mengi yanatoka, haikuwamo katika mkataba.

Kwetu huku juu nako pana mlango. Bwawa la Owen Falls, penye mji wa Jinja, lilifunguliwa 1954, na kanuni yake ilikuwa ya kiungwana: litoe maji yaleyale ambayo ziwa lingeyatoa lenyewe kwa kimo chake cha siku hiyo lau bwawa lisingekuwapo. Mvua za 1961 na miaka iliyofuata ziliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2005 na 2006 ziwa likashuka sana, kwa ukame na pia kwa sababu yalitolewa maji kupita kanuni ili kupata umeme. Wavuvi wa pwani zote tatu waliona boti zao zimekaa juu ya matope, na hawakuwa wao walioamua.

Ethiopia nayo ilianza 2011 kujenga bwawa lake kubwa huko Guba, karibu na mpaka wa Sudani. Lilianza kujazwa Julai 2020 na kufunguliwa rasmi tarehe 9 Septemba 2025. Linaweza kuweka bilioni 74, zaidi ya maji yote yanayopita mahali hapo kwa mwaka mmoja wa kawaida. Kiasi cha kilomita mia moja chini yake liko bwawa la Roseires la Sudani, dogo mara nyingi kuliko hilo. Msimamizi wa Roseires hawezi kupanga mlango hata mmoja bila ya kujua wa juu yake amefungua nini. Mwishoni mwa Septemba hiyo maji yalipanda Sudani, na mwanzoni mwa Oktoba yakaingia katika mashamba na nyumba za kandokando ya mto katika Delta ya Misri. Misri ikalaumu namna bwawa lilivyoendeshwa. Ethiopia ikakanusha, ikasema bila ya bwawa madhara yangezidi.

Mimi si mhandisi, nami siwezi kuhukumu baina yao. Ila naona kwamba amri ya al-Muizz ya kuficha kimo cha mto, ambayo kwa siku zake huenda ilikuwa na udhuru, haiwezi kuwa na udhuru baina ya mabwawa matatu yaliyopangana juu ya mto mmoja. Maji yalipoingia Delta, hapakuwa bado na mkataba wenye kuzifunga nchi tatu hizo, wa kuilazimisha ya juu iiambie ya chini, siku kwa siku, imefungua milango mingapi.